Kishikwambi cha Kilema

Ting. Kimya. Ting. Kimya tena.

Majogoo wa mtaa wa Pasua walikuwa hawajakubaliana nani aanze, na chumba kizima kilikuwa giza la kupapasa, lakini simu ya Yuditha juu ya kigoda ilikuwa imeshaanza kazi yake ya kuudhi watu. Hakuna aliyekuwa akipiga. Ilikuwa inashika chaji, inaachia, inashika, inaachia, kama mtoto anayechezea ziwa bila kunyonya, na kila iliposhika ilitoa mlio kana kwamba inasubiri kupongezwa. Yuditha alinyoosha mkono, akaukunja waya, akaukandamiza kwa kopo la mafuta ya kupaka. Ting. Akaongezea kandambili juu ya kopo. Ting. Mumewe, Godlove, akageukia ukutani na kuuliza kwa sauti ya usingizi kama siku hizi kengele ya kanisa imehamia kwao.

Na simu hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Yuditha aliacha masomo kidato cha pili, tumbo lilipoanza kuonekana. Sasa lile tumbo lina miaka mitano, linaitwa Aikaeli, na mama yake amerudi darasani, masomo ya jioni, pamoja na makondakta, wauza mitumba na bibi mmoja mwenye wajukuu ambaye hashindwi hesabu. Mwalimu wao wa baiolojia, Anaeli, alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, lakini hakuwatupa. Aliendelea kuwatumia masomo ya video. Tatizo ni kwamba kwenye simu ya Yuditha moyo wa binadamu ulikuwa na ukubwa wa harage, na kabla damu haijafika kwenye mapafu simu ilikuwa imezimika. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Zamu yake ya kupokea pesa za mchezo wa akina mama ilikuwa imefika juzi, na nyingine isingerudi mpaka mwakani. Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi: apate kitu kizima kwa pesa ile, au mwaka uende na maji.

Ndipo alipoona picha ya kishikwambi kwenye kundi la simu la kuuza na kununua la pale Moshi. *Safi kama kipya. Hakina tatizo lolote. Bei maelewano. Primus.*

Mwalimu Anaeli, alipoulizwa, alituma ujumbe wa sauti mrefu kuliko somo la figo. Alisema kitu kilichokwisha kutumika hununuliwa kwa macho, kwa masikio na kwa ujeuri kidogo. Kigeuze, kigonge, gusa kioo pembe zote, piga picha, rekodi sauti, chomeka chaji. Na mwisho wa yote, alisema, na hapo akapunguza sauti kama mtu anayetaja ugonjwa, hakikisha mwenyewe anaiondoa akaunti yake mbele ya macho yako. Akaunti ya mtu ikibaki ndani, umenunua nyumba ambayo ufunguo anao mwingine, na siku akitaka anakufungia nje na vyombo vyako.

Yuditha aliyashika hayo yote. Ila mwalimu alisahau kumwambia habari ya mama wa muuzaji.

Kwanza Primus alisema wakutane Moshi mjini, pale Mnara wa Saa. Yuditha akafurahi, mahali pa watu wengi. Kisha akasema aah, afadhali Himo. Yuditha akaenda Himo, na Aikaeli mgongoni, kwa sababu jirani aliyekubali kukaa naye alikumbuka ghafla kwamba ana msiba. Alipofika Himo, simu ikalia kwa mara ya mwisho kabla chaji haijakata: mama yake Primus hataki kitu cha nyumbani kwake kiuzwe barabarani kama mahindi ya kuchoma. Wapande mpaka kwao, Kilema.

Yuditha alisimama kando ya barabara na kumwangalia mtoto wake. Alitamani kurudi. Lakini Godlove alikuwa amemwambia jambo la maana asubuhi ile akivaa buti zake za kuchomelea vyuma: mwizi hakuonyeshi kwao. Basi akakodi bodaboda, wakapanda.

Masika yalikuwa yamekaza. Mlima haukuonekana kabisa, ulikuwa umejifunika mpaka miguuni, na migomba ya Kilema ilikuwa inadondosha maji hata pale mvua ilipopumzika. Primus aliwapokea kwenye njia ya kuingilia kihambani, shamba la ukoo lenye nyumba yao. Alikuwa kijana wa makamo, mpole, koti zuri la baridi la kizungu mwilini na kandambili miguuni. Alieleza wakitembea kwamba yeye ni mwongoza wageni mlimani, kwamba msimu huu wageni hakuna, na kwamba banda la ng'ombe wa mama limeangukiwa na mparachichi. Kishikwambi alipewa zawadi na mgeni wake. Yuditha akauliza kama angeweza kukiona. Primus akasema bila shaka, na akamkaribisha ndani akae.

Hapo ndipo safari ilipoanza.

Mama yake, Dominika, alikuwa mwanamke mnene wa kutembea taratibu, rozari shingoni, na macho ambayo yalikuwa hayana taratibu hata kidogo. Yuditha akamwamkia shikamoo, Aikaeli naye akaamkia, wakaitikiwa vizuri. Kisha akaulizwa yeye ni wa nani. Akasema amezaliwa Moshi mjini. Dominika akasema mjini hazaliwi mtu, mjini watu wanajifungulia tu; baba ni wa wapi? Wa Rombo, Mkuu. Rombo ukoo gani? Akataja. Na mume? Wa Kirua Vunjo. Kirua ipi, ya juu au ya chini? Kwa Walutheri au kwa Wakatoliki? Dominika alipanda na kushuka kwenye ukoo wa Godlove mpaka akampata shangazi mmoja aliyeolewa Kilema zamani, ambaye Yuditha hakuwahi kumsikia, na baada ya hapo akawa amefurahi, akainuka kwenda jikoni.

Yuditha akauliza tena kuhusu kishikwambi. Primus akasema mama hapendi biashara itangulie chakula.

Machalari yalikuja kwenye bakuli kubwa, ndizi zimelegea, nyama imenona, na Yuditha hakuwa na lawama hata moja kuhusu machalari. Aikaeli alikula mpaka akaanza kuhema. Lakini kila Yuditha alipoweka kijiko chini Dominika alimwongezea, na kila alipomwangalia Primus, Primus aliangalia mvua. Saa za watu zilikuwa zinakwenda. Yuditha alikula kwa hasira, na chakula kikiliwa kwa hasira hakiishi haraka.

Mwishowe Primus akaingia chumbani, akatoka na kishikwambi kimefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Akakaa karibu na Yuditha. Akakiwasha. Kikawaka vizuri, kioo kizuri, kipana, moyo wa binadamu ungekaa humo na nafasi ya mapafu ikabaki. Yuditha akanyoosha mikono.

Primus hakumpa. Alianza kumwonyesha picha. Hapa ni kambini. Hapa ni huyu Mholanzi, mgeni wake, ndiye aliyekitoa. Hapa Mholanzi ametapika, lakini kwenye picha haionekani. Hapa ni kileleni, alfajiri. Alikuwa anazisukuma picha kwa kidole kimoja na kukishika kishikwambi kwa mkono mwingine, kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba na anaogopa asije akaibiwa. Yuditha alisifia kilele. Akasifia barafu. Akasifia mahema. Ilipofika picha ya choo cha kambini alisema kwa adabu zote alizobaki nazo:

"Kaka Primus, mimi nimekuja kukikagua, siyo kuupanda mlima."

Dominika alicheka huko alikokaa, na Primus akaona aibu, akamkabidhi.

Basi Yuditha akafanya kama alivyofundishwa. Alikifuta kwa pindo la kanga. Alikilaza chali mezani aone kama kinayumba, maana mwalimu alisema betri ikivimba mgongo hutuna. Kikayumba. Akakihamishia upande mwingine wa meza, kikayumba. Primus akaanza kuapa. Yuditha akaweka sahani tupu mahali pale pale, na sahani nayo ikayumba. Meza ndiyo iliyovimba. Wakakishusha sakafuni, kwenye saruji, kikatulia tuli. Akavuta alama moja ndogo kwa kidole akaizungusha kioo kizima, pembe kwa pembe. Ikamfuata bila kukwama. Akapiga picha ya kuku aliyekuwa amejikausha mlangoni. Akataka kurekodi sauti, mvua ikashuka juu ya mabati kwa nguvu, alichorekodi ikawa ni mabati. Akasubiri. Mvua ikapungua, akasema majaribio, majaribio, na Dominika akajibu kutoka pembeni kwamba amesikia. Akachomeka chaji. Umeme ukakatika.

Yuditha alifumba macho. Primus akamwambia asihuzunike, ukikatika huwa unarudi. Akamuuliza huwa unarudi lini. Primus akasema hilo sasa ni la shirika la umeme na Mungu.

Ukarudi kabla hajachukia kabisa, chaji ikashika na haikuachia. Aliutikisa waya, haikuachia. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri Yuditha alisikia mabega yake yakishuka. Primus naye aliona, na hapo hapo akataja bei. Yuditha akaishusha. Primus akapanda kidogo, Yuditha akashuka kidogo, wakafika mahali ambapo wote wawili walinuna sawasawa, dalili ya bei njema. Dominika alikuwa ameshatoka. Alirudi na kata ya kibuyu iliyojaa mbege, pombe ya ndizi, povu limekaa juu, akaonja yeye kwanza kama desturi inavyotaka, kisha akampa mgeni kwa mikono miwili.

Yuditha alikuwa na kiu iliyoletwa na nyama na maneno. Akapokea, akashukuru kwa Kichagga kidogo alichonacho, aika, mama, akanywa mafunda mawili ya nguvu. Primus naye akanywa. Dominika akajifuta mikono kwenye kitenge akasema haya, imekwisha.

Yuditha alidhani anasema mbege.

Ndipo akaingia kwenye ukurasa wa mwisho, ule ambao mwalimu aliutaja kwa sauti ya chini. Juu kabisa palikuwa na picha ndogo ya Mholanzi akiwa amevaa kofia ya sufu, na jina lake refu. Akagusa mahali pa kuiondoa akaunti. Kishikwambi kikadai neno la siri.

"Neno la siri," alisema Yuditha.

Primus akasema neno gani. Akaonyeshwa. Akasema hilo jina ni urembo tu, limekaa hapo siku zote na halijamdhuru mtu. Yuditha akasema basi waliondoe. Primus akasema halihitaji kuondolewa, yeye atumie tu, asiguse hapo. Yuditha akamweleza, taratibu, kama anavyomweleza Aikaeli kwa nini moto unachoma, kwamba mwenye jina hilo akitaka, akiwa kwake Uholanzi ameketi, anaweza kukifuta chote kikabaki kibao cha kukatia vitunguu. Na kikipata hitilafu yoyote kitauliza neno hilo hilo, na yeye atakuwa hana. Kwa hiyo Primus aandike neno la siri. Primus hakuwa nalo. Basi amuulize mwenyewe. Primus akasema haiwezekani. Kwa nini haiwezekani, mgeni amekufa? Hapana, yu hai, tena mzima. Wamegombana? Hapana, ni rafiki sana. Namba yake anayo? Anayo. Basi?

Primus akainuka kwenda kuangalia kama mvua imekwisha, nayo ilikuwa inanyesha mbele ya macho ya kila mtu.

Hapo Yuditha akachoka. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alikifunga kishikwambi kwenye taulo lake, akakiweka juu ya ile meza inayoyumba, akamfunga Aikaeli kanga, akasema anashukuru sana kwa chakula, lakini hawezi kununua mbuzi kwenye gunia, na hasa gunia lenyewe likiwa na kufuli ya Mholanzi.

"Utakwendaje na umeshakunywa?" Dominika aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba ameacha mwavuli. Kisha akaeleza, kwa vile alimwona mwenzake amezaliwa mjini. Machalari yale yalikuwa ya ugeni, mtu anakula na kwenda zake, hadaiwi. Mbege ya kabla ya bei nayo ni ya kiu. Lakini mbege inayokuja baada ya bei si ya kiu. Hiyo ni patano. Hapa kwake ng'ombe wameuzwa hivyo, kahawa imeuzwa hivyo, hata huyo shangazi wa Kirua aliolewa hivyo. Mnunuzi akishainua kata mbele ya mwenye nyumba, maneno yamekwisha, anabaki kutoa pesa. Kurudi nyuma ni kuitukana nyumba.

Yuditha alibaki amesimama, mtoto mgongoni, na uso ukamwaka moto mpaka masikioni. Alikumbuka sasa. Alikuwa amewaona baba zake wadogo kule Mkuu wakifanya vile vile, kila Krismasi, akiwa mtoto anayepita katikati ya miguu yao. Alilijua jambo hili. Alikuwa amekagua betri, kioo, kamera, sauti na waya, akasahau kuikagua kata. Na pesa ya mwaka mzima ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga, inamlalamikia ubavuni.

Alitaka kulia. Badala yake akakaa, na alipokaa akaanza kufikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo ghadhabu ilivyomnyooka ikawa kitu cha kushika mkononi.

"Mama," alisema, "na Primus je, amekunywa?"

Dominika akasema amekunywa, wote wameona.

"Ng'ombe akiuzwa kwa kata, halafu mnunuzi akakuta masikioni ana alama ya mtu mwingine, huyo mwingine hajui kama ameuzwa. Nani ameitukana nyumba?"

Primus aliangalia kandambili zake. Dominika alimgeukia mwanawe taratibu, kwa mwendo wake ule, lakini macho yalikuwa yameshafika zamani. Akamuuliza kwa Kichagga jambo fupi. Primus akajibu jambo refu. Dominika akauliza tena lile lile fupi.

Basi likatoka. Mholanzi alipoacha kile kishikwambi alisema ni cha watoto wa jirani, wasome. Primus akakubali. Na watoto walikitumia kweli, wiki chache, kisha wakaanza kukigombania, akakifungia kabatini. Lakini Mholanzi aliendelea kuuliza, na Primus aliendelea kujibu kwamba watoto hawajambo, wanasoma sana. Aliwahi hata kumtumia picha ya zamani akisema ni ya jana. Kila mwaka Mholanzi humletea wageni, marafiki, shemeji, watu wa kazini kwake. Leo aanze kumwambia kwamba zawadi inauzwa ili kujenga banda?

"Umemnywesha mtoto wa watu," Dominika alisema kwa Kiswahili, ili Yuditha asikie. "Piga."

Mtandao ndani ya nyumba ulikuwa wa kubahatisha. Ilibidi watoke wote barazani, Primus akiwa na simu, Yuditha na kishikwambi ndani ya taulo kisilowe, Dominika na kiti chake, Aikaeli na mfupa. Simu ililia, ikakata, ikalia. Kabla haijapokelewa Primus alimwinamia Yuditha na kumwomba kwa kunong'ona, dada, tafadhali, nitasema wewe ni dada yangu na huyu ni mpwa wangu, ndiye anayesomea, naye ataondoa hilo jina bila maneno mengi. Yuditha hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kama ni lazima awe dada wa mtu ili aende nyumbani, basi.

Mholanzi akatokea kwenye kioo, uso mwekundu, furaha tele. Na hapo Yuditha akagundua balaa jingine: alikuwa amejifunza Kiswahili mlimani, na pamoja nacho amejifunza kuamkiana. Habari ya nyumbani. Habari ya mama. Habari ya mvua, ya ng'ombe, ya wapagazi kwa majina yao. Alimpa Dominika shikamoo ndefu, Dominika akaitikia na kumuulizia wazazi wake. Yuditha alihesabu migomba.

Mwishowe Primus akasema. Alisema kishikwambi kimekwama kidogo, kinadai neno la siri, na huyu hapa mtoto wa dada yake ndiye anayesomea. Akageuza simu. Aikaeli akaonekana na mfupa wake. Mholanzi akafurahi mno. Akasema safi sana. Akasema kuondoa akaunti ni kazi ndogo, lakini kompyuta yake iko ofisini na leo ni Jumamosi. Kwa kuwa ni cha nyumbani na mtoto bado anakitumia, hakuna haraka. Wiki ijayo, labda, au ile nyingine. Pole pole.

Hilo pole pole ndilo lililomaliza. Yuditha alijiona akishuka Kilema bila pesa na bila kitu, au na pesa na bila kitu, au na kitu chenye kufuli, akisubiri wiki ijayo labda au ile nyingine, huku damu ya mwalimu Anaeli ikizimikia njiani kila jioni. Akanyoosha mkono akaigeuza simu imwelekee yeye.

"Samahani, baba. Mimi siyo dada yake, ni mnunuzi. Nasoma masomo ya jioni, nina mtihani, na hiki ndicho pekee ninachoweza kukinunua, lakini siwezi kukinunua kikiwa na jina lako. Kama hutaki kiuzwe sema sasa hivi, nirudi nyumbani, maana mtoto amechoka na mimi nimechoka."

Primus alishika kichwa. Uso wa Mholanzi ulikuwa umesimama pale pale, mdomo nusu wazi, na hakuna aliyejua kama amekasirika au ni mtandao. Walimtazama. Dominika akasogeza kiti amtazame vizuri zaidi. Akasema huyu ameganda.

Sauti ikarudi kwanza, uso ukafuata baadaye. Hakuwa anacheka. Alimuuliza Primus, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, picha ile ya watoto ilikuwa ya lini. Primus akasema ya zamani. Akamuuliza kwa nini. Primus akasema aliona aibu. Mholanzi akajikuna shavu. Akasema watazungumza wao wawili, siku nyingine, siyo mbele ya watu. Kisha akamuuliza Yuditha anasoma nini.

"Baiolojia. Tumefika kwenye moyo."

Mholanzi akasema subiri. Akaondoka kwenye kioo, wakabaki wanatazama ukuta wake na kabati lake la vitabu. Walisikia akipekua, akiongea na mtu kwa lugha yao, mwanamke akimjibu kwa sauti ambayo haikuhitaji kutafsiriwa: na huko nako kulikuwa na mtu aliyechoshwa. Akarudi na kompyuta, siyo ile ya ofisini, ya mke wake. Akaomba kishikwambi kiunganishwe na mtandao. Primus akakiunganisha kwa bando lake mwenyewe bila kuambiwa mara mbili. Mholanzi akaandika, akakosea, akalaani polepole, akaandika tena. Akasema sasa hivi.

Kishikwambi kikazima.

Walisubiri. Kioo kilikuwa cheusi, kinaonyesha mapaa ya mabati na vichwa vyao vinne vimeinamiana. Dominika akasema amekiua, na kwamba kama amekiua patano limekufa nacho, yeye hatapokea pesa ya maiti. Primus akamwambia mama subiri. Mkono mmoja wa Yuditha ulikuwa umeshika fundo la kanga, mwingine umeshika taulo, na hakuthubutu hata kulipangusa tone la mvua lililokuwa limeangukia katikati. Simuni, Mholanzi aliuliza vipi, akauliza tena vipi.

Aikaeli, aliyekuwa ameteremka mgongoni na kupenya katikati ya viwiko vyao, ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Alikiinamia mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na mwanga mweupe ukampanda usoni.

"Mama, kimekubali."